Bega lauma baada ya shabaha? Pima kitako cha bunduki

Je, wewe ni mmoja wa wale wanaorudi nyumbani kutoka uwanja wa shabaha bega likiwa limevilia damu? Wengi hulaumu bunduki kwamba ina teke kali. Mara nyingi kosa ni la kitako kisicholingana na mwili wako.

Urefu tunaozungumzia ni ule wa kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, panapogusa bega. Bunduki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sentimita 34 au 35 hivi. Kwa mtu mwenye mikono mifupi, wakiwemo wanawake wengi, kitako hicho ni kirefu mno. Atanyoosha mkono na kuegemea nyuma, na kitako kitateleza hadi kwenye msuli wa mkono. Hapo ndipo maumivu huanzia. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba hugonga pua, na darubini yaweza kukukata juu ya jicho.

Siku hizi bunduki nyingi zina kitako kinachosogezwa ngazi kwa ngazi. Kabla ya kukipima, toa risasi zote, kagua mara mbili kwamba hakuna iliyosalia ndani, na uelekeze mtutu mahali salama. Vaa nguo utakazotumia, kwani sweta nzito au fulana ya kuzuia risasi hula nafasi.

Anza na ngazi fupi kabisa. Fumba macho, inua bunduki, na ukiweke kitako katika kibonde kilicho kati ya mtulinga na kiungo cha bega. Laza shavu bila kunyoosha shingo, kisha fumbua macho. Kidole gumba kikiwa vidole viwili au vitatu kutoka puani, na jicho likiona shabaha bila kutafuta, umefika. La sivyo, ongeza ngazi moja ujaribu tena. Kwa darubini nyingi, jicho hukaa sentimita 8 hadi 10 nyuma yake.

Wako wanaopima kwa kuweka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa. Njia hiyo hupima mkono tu, ikasahau shingo na kifua. Tena, ukilala kifudifudi kichwa husogea mbele, kwa hivyo pima upya.

Usisahau masikio. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na mlio mmoja tu waweza kuharibu usikivu. Vaa vizibo kila mara.

Alama ya bega kwa kawaida huisha baada ya wiki mbili hivi. Lakini mkono ukifa ganzi, au vidole vikikosa nguvu, huenda mishipa ya fahamu imeumia. Acha kufyatua na umwone daktari upesi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.