Mtandao Upi? Istilahi za Data ya Ugenini kwa Msafiri wa Kericho na Bomet

Utangulizi

Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu enzi ya ukoloni. Mchumaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikipsigis hufanya kazi safu moja na Mkisii, Mluo na Mluhya, na wote hupimiwa majani kwa Kiswahili. Mtu anayeondoka huko kwenda ng'ambo huibeba lugha hiyo pamoja na simu yake. Wanaoondoka si haba. Mashine za kuchumia chai zimepunguza haja ya vibarua, jambo lililozua ghasia Kericho mwezi Mei 2023 ambapo baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto, na vijana wengi wa Kenya hutafuta riziki katika nchi za Ghuba. Makala haya yanachunguza neno moja, 'mtandao', na namna linavyoweza kumgharimu msafiri fedha anapotumia intaneti nje ya nchi.

Neno moja, maana tatu

Mfano wa kubuni utasaidia. Binti wa Bomet amepata kazi Dubai. Siku ya safari, kaka yake anamwandikia: "Dada, ukifika zima mtandao, la sivyo salio litaisha." Ushauri ni wa busara, lakini binti atazima nini?

Neno 'mtandao' linatokana na kitenzi 'tanda', chenye maana ya kuenea na kufunika, kama wingu linavyotanda juu ya vilima vya chai wakati wa masika. Katika matumizi ya leo lina maana tatu zinazokaribiana mno. Ya kwanza ni mawimbi ya simu au kampuni inayoyatoa: mchumaji aliye bondeni husema "hapa hakuna mtandao" simu isiposhika. Ya pili ni intaneti kwa jumla. Ya tatu ni mitandao ya kijamii, kama katika kauli "habari hiyo nimeiona mtandaoni".

Binti akishika maana ya kwanza, ataitoa laini yake ya Kenya au kuizima. Salio litabaki salama, lakini jumbe za M-Pesa na nambari za siri za benki hazitamfikia, na atagundua hayo siku atakayotaka kumtumia mama yake fedha. Akishika maana ya tatu, ataacha kufungua Facebook na WhatsApp, aridhike kwamba ametii. Simu haitaridhika. Itaendelea chini kwa chini kupakua masasisho ya programu, picha na barua pepe, na salio litakwisha bila yeye kugusa chochote. Ni maana ya pili tu inayomwokoa, tena ikifinywa zaidi: azime data ya laini ya nyumbani, lakini asiizime laini yenyewe.

Polisemia si dosari ya lugha. Kila lugha inayo, na muktadha kwa kawaida huitatua. Tatizo hapa ni kwamba muktadha wenyewe ndio ulio mgeni kwa msikilizaji.

Gharama inatoka wapi?

Laini ya simu ni mali ya kampuni ya nyumbani. Ikifika nchi nyingine, simu hutafuta kampuni ya huko iliyo na mapatano na kampuni ya nyumbani. Kampuni mwenyeji huuliza kwanza kama mteja huyo anajulikana, kisha humhudumia na kupeleka hesabu kwao. Kwa kawaida data yake husafirishwa hadi kwenye mitambo ya nyumbani kabla ya kuingia kwenye intaneti. Kwa hiyo binti aliye Dubai akifungua picha iliyopigwa Dubai, picha hiyo huenda ikapitia Kenya ndipo imfikie. Bando alilonunua Bomet kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida halifanyi kazi huko, naye hutozwa kwa kila megabaiti.

Si lazima mtu aende mbali hivyo. Anayesafiri kutoka Bomet kupitia Sotik, Kisii na Migori hadi Isebania anaweza kukuta simu yake imeshika minara ya Tanzania kabla pasipoti haijapigwa mhuri.

Afrika Mashariki ilitangulia katika jambo hili. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa huduma iliyoitwa One Network. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilianza mpango wa eneo moja la mawasiliano, na Sudan Kusini ikahusishwa pia. Hata hivyo, mpango huo wa serikali ulianza na mazungumzo ya sauti. Data haikupewa nafuu hiyo. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, uliondoa ada za ziada kwa wasafiri wake mwezi Juni 2017, data ikiwemo. Mwanaisimu atatambua kwamba jina la huduma ya Celtel, likifasiriwa neno kwa neno, hutupa 'mtandao mmoja', na neno lililokwisha kuelemewa linaongezewa mzigo wa nne.

Kutafuta istilahi

Dhana inayotakiwa ni ile ambayo Kiingereza huiita 'roaming'. Njia ya kwanza ni utohozi, yaani 'romingi'. Ni njia rahisi, lakini haimwambii chochote mtu asiyelijua neno la asili. Njia ya pili ni tafsiri. Neno 'uzururaji' linabeba harufu ya mahakama, kwa kuwa ndilo hutumika kwa kosa la kutangatanga bila kazi maalumu. Kumwita mfanyakazi wa ng'ambo mzururaji ni kumtukana. 'Urandaji', kutoka 'randa', ni bora kidogo, ingawa wengi wakilisikia neno hilo humfikiria seremala na chombo chake.

Makala haya yanapendekeza 'data ya ugenini'. Neno 'ugenini' tayari lina jozi yake hai katika utangazaji wa kandanda: timu hucheza nyumbani au ugenini, na kila msikilizaji wa redio anajua kwamba ugenini mambo ni magumu. Kwa vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, istilahi hii ina uwazi na iktisadi, nayo huzalisha nyingine kwa urahisi: laini ya nyumbani, laini ya ugenini, bei ya ugenini. Udhaifu wake ni kwamba mtu aliyenunua laini ya Dubai akiwa Dubai anaweza kuiita hiyo ndiyo ya ugenini. Afadhali basi hiyo iitwe 'laini ya huko', kama watu wanavyosema tayari.

Suala la 'bando' na 'kifurushi' ni dogo zaidi. Kenya imetohoa, Tanzania imetafsiri, na Mkipsigis anayenunua laini ng'ambo ya mpaka, Sirare, akiulizwa kama anataka kifurushi cha wiki, huenda akadhani anauziwa mzigo. Mzozo wa 'kompyuta' na 'tarakilishi' umekwisha kutufunza kwamba mambo kama haya huamuliwa na sokoni kuliko kamati.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba kampuni za simu hazitajali. Lakini ni kampuni hizo hizo zilizotupa Sambaza na Okoa Jahazi, majina ya Kiswahili safi yaliyoingia vinywani mwa watu mara moja. Huduma inayotakiwa kuuzwa hupewa jina la Kiswahili. Masharti yanayoeleza mteja atatozwaje mara nyingi hubaki katika Kiingereza. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya.

Ujumbe wa kaka yule ungeweza basi kuandikwa hivi: "Dada, ukifika, iache laini ya nyumbani ikiwa imewashwa ili jumbe za M-Pesa zikufikie, lakini zima data ya ugenini. Nunua laini ya huko uitumie kwa intaneti. Simu ya WhatsApp isipopita, si bando limeisha; tuma sauti." Sentensi ya mwisho inahitajika kwa sababu Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, ilhali maandishi na sauti iliyorekodiwa hupita. Ujumbe huo unazidi herufi 160, kwa hiyo ukitumwa kwa simu ya kawaida utahesabiwa kuwa jumbe mbili.