Kibali Mkononi, Mkaguzi Hajafika

Malalamiko kuhusu vibali vya ujenzi jijini Dar es Salaam yanafanana: mwombaji amewasilisha michoro, amelipa ada, amefuatilia mpaka amechoka, na faili bado liko mezani. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kijitabu hiki kinahusu hatari kubwa kuliko foleni, nayo ni jengo kupanda bila mkaguzi kulitazama. Bajeti ya idara ya mipango miji inapopunguzwa, mhuri haukosi wino. Kinachokosekana ni mafuta ya gari, posho ya kazi za nje, na mtu wa kujaza nafasi ya mhandisi aliyestaafu. Kibali kitatoka hata kwa kuchelewa, kwa sababu mwombaji anakidai. Ziara ya ukaguzi haina anayeidai, basi ndiyo inayokufa kimyakimya. Tunakutaka wewe mwenye jengo uidai.

Ufinyu huu wa bajeti una chanzo. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17, ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa TRA kutoka halmashauri, na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Hatusemi ukusanyaji umeharibika. Tunasema halmashauri iliyopungukiwa na chanzo chake inabaki na ada, ushuru na ruzuku, na humo zahanati na madarasa hutangulia. Wala si kwetu tu. Nchini Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza mwaka 2019 kwamba matumizi ya halmashauri za England katika mipango yalishuka kwa karibu asilimia 15, thamani halisi, kati ya 2010/11 na 2017/18. Huku kwetu maombi sasa yanapokewa kwa mtandao, nayo ni hatua tunayojivunia. Lakini mtandao hauwezi kushuka kwenye shimo la msingi na kupima kina chake.

Shika jambo hili kuliko mengine yote: zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Unene wa nondo, idadi yake kwenye nguzo, nafasi kati ya ringi na ringi, urefu wa maungio, vyote hukaguliwa kabla ya zege au havikaguliwi kabisa. Baadaye utahitaji kutoboa nguzo au kuleta vifaa vya gharama ili kujua ulichokizika mwenyewe. Nguvu ya zege hupimwa rasmi likiwa na siku 28; fundi anayeng'oa mbao na miti ya kuegemeza slabu mapema ili aihamishie ghorofa ya juu anapandisha uzito juu ya zege ambalo halijakomaa. Kwa hiyo omba ukaguzi wa msingi kabla ya kuumwaga, na wa nguzo, bimu na slabu ya kila ghorofa. Usimwage zege kabla ya ukaguzi. Tunarudia: usimwage.

Tumekwisha kuona gharama ya kujenga bila ukaguzi. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Mamlaka zilieleza kwamba kibali chake hakikuruhusu urefu ule. Karatasi ilikuwepo. Ghorofa zilizozidi zilionekana na kila aliyepita barabarani, ila hapakuwa na aliyezisimamisha. Novemba 16, 2024, jengo lingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, nalo halikuwa jengo jipya: lilikuwa na wapangaji na biashara ndani. Ndiyo maana ukaguzi unahitajika pia unapoongeza ghorofa, unapovunja ukuta au unapochimba chini ya jengo la zamani.

Wapo wanaosema: ofisi ikichelewa, saruji inapanda bei na riba ya benki haisubiri, kwa nini nisianze? Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haikuruhusu kuanza kwa sababu ofisi imechelewa, na jengo lililopigwa alama ya X linakula riba ileile. Wengine wanasema wameajiri mhandisi aliyesajiliwa, inatosha. Mhandisi huyo ni wa lazima, na mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Lakini analipwa na mwenye jengo, na mwenye jengo ndiye anayemharakisha. Jicho la pili lazima liwe la mtu asiyelipwa na mradi. Wapo pia wanaoogopa kwamba mkaguzi akiitwa atataka chochote. Hofu hiyo haikutoka hewani. Anayedai rushwa aripotiwe TAKUKURU, na dawa yake ni maandishi, maana ombi la mdomo ndilo linalouzwa.

Masharti ya kuomba kibali (uthibitisho wa umiliki, michoro ya usanifu na ya mhandisi, upimaji wa udongo kwa ghorofa) utayapata halmashauri. Ombi la ukaguzi andika kwa barua, taja namba ya kibali na hatua ya ujenzi, peleka nakala mbili, na ubaki na moja iliyogongwa mhuri na tarehe ya kupokelewa. Mkaguzi asipotokea, peleka barua ya pili kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa diwani wako, kwa kuwa diwani ndiye anayepitisha bajeti ya idara hiyo. Mkaguzi akifika, mwombe aandike alichokiona na kutia saini kabla hajaondoka.