SOMO: KUJIFUNZA UFUNDI WA MAZIWA



Wengi kati yetu, tukifikiri diploma, tunafikiri biro tu. Kazi ya kiwanda cha vyakula tunasema ni ya wale walioshindwa masomo. Mimi kapita wenu nilisema vilevile, mpaka vakansi kubwa nilipofanya staji katika kiwanda kidogo cha maziwa. Sikilizeni mambo niliyojifunza.

1. KUPOKEA. Asubuhi watu wanaleta maziwa ndani ya mabidoni. Fundi hapokei kwa macho tu. Anatumbukiza kipimo, nacho sherti kionyeshe kati ya 28 na 34. Ni kusema litri moja ina uzito wa gramu 1028 mpaka 1034. Mutu akitia maji, hesabu inashuka. Kiisha fundi anachanganya maziwa kidogo na alkoli ya 70 kwa mia, sawa kwa sawa. Yakigandamana, yameanza kuchacha. Yanarudi kwa mwenyewe.

2. KUPASHA MOTO. Hatuchemshi. Tunapasha mpaka degre 63 na kushika hapo dakika 30. Viwanda vyenye mashini kubwa vinapasha degre 72 kwa sekunde 15. Njia hii inaitwa kwa jina la Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeijaribu kwa divai katika miaka ya 1860. Moto huo unaua mikrobi ya kifua kikuu na ya homa ya brusela, zinazotoka kwa ngombe. Mara moja tunapoza maziwa mpaka degre 4, juu mikrobi zinazobaki zinazaana upesi katika uvuguvugu.

3. KUANDIKA. Kila dakika tano mwanafunzi anasoma termometri na kuandika ndani ya kaye. Hapa ndipo nilianguka. Siku moja kuni zilikuwa mbichi, na mimi nilichoka. Niliandika 63 mara sita bila kuangalia.

Shefu alitwaa maziwa kidogo, akayatia dawa ndani ya kichupa, akakiweka ndani ya maji ya vuguvugu. Yakageuka njano. Alinifasiria kama ndani ya maziwa mabichi muko kitu kinaitwa fosfataze. Moto wa kutosha unakiharibu. Kama kingali kizima, dawa inageuka njano. Alienda kuangalia termometri: 57.

Hakunifukuza. Aliniuliza tu: «Mutoto, haya maziwa ungepa mudogo wako?» Sikujibu. Tulipasha upya litri zote 200, na wanunuzi walingoja mpaka saa nane. Nilitaka kupasua ukurasa ule, akakataa. Aliniambia nikate mustari mumoja juu ya hesabu za uongo, zibaki zinasomeka, niandike kando «Sikuangalia», na niweke sahihi yangu. Ukurasa ule ungali ndani ya kaye.

Ndugu zangu, mutu anayekunywa maziwa hakuona moto. Anamwamini mwenye kuandika. Kwa hiyo ufundi huu unaomba kemia na hesabu, lakini unaomba kwanza mutu wa kweli. Hata sisi, tunapoandika matokeo ya jaribio la kemia kwa kutazama kaye ya jirani, tunajizoeza kosa lile lile.

MAULIZO
1. Juu ya nini maziwa yanapozwa upesi?
2. Kipimo kikionyesha 24, utamwambia nini mwenye maziwa?
3. Juu ya nini shefu alikataa ukurasa upasuliwe?

Kapita wenu, darasa la sita