Maisha Baada ya Kidonge cha Mwisho

Katika rejesta ya kifua kikuu, mgonjwa aliyefika salama mwisho wa dozi huandikiwa moja kati ya hali mbili. Huandikwa "amepona" ikiwa vimelea vilionekana mwanzoni na makohozi ya mwisho yakathibitisha kuwa havipo tena, au "amekamilisha matibabu" ikiwa dawa alizimaliza lakini uthibitisho huo haukupatikana. Kisha ukurasa wake hufungwa. Rejesta haina safu ya kuonyesha kama mtu huyo aweza kupandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare hadi nyumbani kwake Kibosho, wala kama jirani zake wangali wanamtengea kikombe. Somo hili lahusu mambo hayo yasiyo na safu.

Mkoa wa Kilimanjaro waujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianzishwa mwaka 1926, wakati dunia haikuwa na dawa hata moja ya kuua vimelea vya kifua kikuu. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Kabla yake, tiba iliyotegemewa kote duniani ilikuwa hewa safi ya milimani, mapumziko marefu na chakula bora. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki yalisaidia kuthibitisha kwamba dawa zilizohitaji kumezwa mwaka mmoja na nusu zingeweza kufupishwa hadi miezi sita. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na utaratibu wake wa kumfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho wa dozi, alioujenga Dkt. Karel Styblo pamoja na wataalamu wa nchini, ukawa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza katika miaka ya 1990.

Ushindi huo ulipimwa kwa vimelea. Mapafu yaliyobaki baada ya vita hayakutazamwa sana, na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kujadili afya ya watu baada ya kifua kikuu ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019 tu. Kwa ugonjwa wa kale kiasi hiki, huko ni kuchelewa.

Dawa huua vimelea. Hazirudishi nyama ya pafu iliyokwisha kuliwa. Palipokuwa na kidonda hubaki kovu, na kovu halipanuki mtu anapovuta pumzi. Njia ndogo za hewa huweza kusinyaa au kupanuka kupita kiasi zikawa mabwawa ya makohozi, na mwenye mapafu hayo hukohoa kila asubuhi ingawa hana tena kifua kikuu. Wengine hubaki na tundu ndani ya pafu, ambamo ukungu waweza kuota na kuleta makohozi yenye damu. Si kila aliyeugua hufikia hali hiyo, na aliyewahi kupimwa mapema huumia kidogo kuliko aliyekaa na kikohozi miezi mingi akinunua dawa dukani.

Mwinuko wa mlima huongeza uzito wa tatizo. Aliyebakiwa na nusu ya nguvu za mapafu aweza kutembea katika mitaa ya Moshi mjini asigundue lolote, lakini akipanda njia ya kwenda Uru au Old Moshi husimama kila baada ya migomba michache. Kazi za kihamba ni za kuinama, kubeba na kupanda. Mama aliyezoea kufuata majani tambarare na kuyapandisha kichwani hushindwa, na kwa kuwa hospitali imesema amepona, nyumbani huonekana mvivu. Hukumu hiyo si ya haki, na mara nyingi ndiyo humrudisha mtu kitandani.

Kuna kosa la pili, la kudhani kwamba kila kikohozi ni ugonjwa uliorudi. Kipimo cha GeneXpert hutambua vinasaba vya kimelea, na vinasaba hivyo vyaweza kubaki katika makohozi hata vimelea vikiwa vimekufa. Kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa hivi karibuni aweza kupata majibu yanayotisha bila kuwa na ugonjwa hai. Ndiyo sababu mganga apaswa kuelezwa tarehe ya kumaliza dozi, ili aone kama kuotesha vimelea maabara au picha ya kifua vinahitajika kabla ya kuanza dozi nyingine. Hata hivyo ugonjwa waweza kurudi kweli, na hatari hiyo ni kubwa kwa aliyewahi kuugua kuliko kwa asiyewahi. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito havifai kungojewa. Damu katika makohozi ni safari ya siku hiyohiyo.

Mapafu yenye kovu yaweza kufundishwa kazi. Mazoezi huanza kwa mwendo wa dakika chache mahali tambarare, kisha huongezwa kila wiki. Faida huonekana baada ya wiki sita au zaidi kwa anayeyafanya bila kuruka. Wakati wa kupanda, hewa huvutwa kwa pua na kutolewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza kaa la moto. Mzigo mmoja wa majani wagawanywe uwe miwili. Chakula cha kurudisha misuli kipo kihambani: kiburu chenye maharage ya kutosha, maziwa, mayai. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha ni adui wa kila siku, na sigara ni adui mkubwa zaidi. Kijana anayetaka kurudi kwenye machimbo ya Mirerani aelezwe wazi kwamba vumbi la mawe hulijeruhi pafu na kulifungulia tena kifua kikuu mlango.

Waliotibiwa kifua kikuu sugu wana madai yao. Sindano zilizotumika zamani ziliwaachia baadhi yao uziwi, na baadhi ya dawa huacha ganzi ya miguu. Mambo hayo yana wataalamu wake na hupewa rufaa.

Kuhusu kikombe kilichotengwa: kifua kikuu huenea kwa hewa, hakienezwi kwa vyombo, na aliyekamilisha dozi akapona hana cha kumwambukiza mtu. Kata ya mbege yaweza kumpita kwa sababu ya ini lake au ya nia yake ya kuacha pombe; kumpitisha kwa hofu hakuna msingi.

Mkazi anayechoka au kubanwa pumzi baada ya dozi aanzie zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata, na aombe rufaa kwenda Mawenzi, KCMC au Kibong'oto kadiri mganga atakavyoona. Aende na kadi yake ya matibabu na picha za kifua za zamani. Picha ya zamani ikiwekwa kando ya mpya ndiyo itakayomwonyesha mganga kama doa analoliona ni kovu la miaka iliyopita au ni jambo lililoanza mwezi huu.