Mama Amesahau Njia ya Kisimani

SWALI: Mama yangu, mkongwe wa hapa Nyamira, hupotea njia ya kisimani aliyoizoea tangu ujana, na majirani wananong'ona uchawi. Amepatwa na nini?

JIBU: Ndugu msomaji, wakanye majirani hao upesi, kwani Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hiyo, nayo ilikuwa dhuluma kubwa. Kupotea kwake yaelekea kumetokana na ubongo, si uchawi. Ubongo, licha ya seli za neva zipelekeanazo habari, una seli za glia, ambazo baadhi yake huzilisha neva, nyingine huzivika ala ya mafuta ili habari zipite kwa kasi, na nyingine, ziitwazo maikroglia, huondoa takataka na kukata maungio ya neva yasiyotumika, hata ubongo ukaweza kujifunza jambo jipya. Umri uendapo, maikroglia aghalabu huzidi ukali, zikachochea uvimbe na kuharibu hata maungio yaliyo salama. Lakini kupotea njia ya kila siku si uzee mtupu. Yamkini ni maradhi ya usahaulifu, kama yale aliyoyaeleza tabibu Alois Alzheimer mwaka 1906. Mpeleke hospitali apimwe shinikizo la damu, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, mambo ambayo pia huweza kuvuruga kumbukumbu, nayo yana dawa. Na kisimani asiende peke yake.