Kona moja iliyokataa

Mdogo wangu wa Mkuyuni, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Una mchemraba wa rangi ya fedha, ule ambao kila upande una rangi hiyohiyo ila vipande vyake vinatofautiana unene. Wiki tatu umeuzungusha. Sasa vipande vyote vimetulia, imebaki kona moja imekaa kombo, na kaka yako anasema huna kichwa cha hesabu. Usimsikilize.

Nitaanzia chini kidogo, maana wapo wenzio ambao hawajafika ulipofika.

Mchemraba wa rangi aliubuni Ernő Rubik kule Budapest mwaka 1974, na yeye mwenyewe alihangaika nao kama mwezi mzima kabla ya kuupatanisha. Huu wako ni wa Mjapani Hidetoshi Takeji, wa mwaka 2006. Vipande ni vilevile: 6 vya katikati, 12 vya ukingoni, 8 vya kona. Badala ya rangi 6 kuna unene wa aina 6, basi. Kwa hiyo macho yatakuchelewesha. Papasa. Hata umeme ukikatika unaweza kuendelea.

Tafuta kipande cha katikati kilicho chembamba kuliko vyote. Huo ndio msingi. Kizungushie vipande vinne vya ukingoni vyenye unene huohuo, kisha pitisha kidole ubavuni. Ukigusa ngazi, kipande hicho si cha hapo. Ukiteleza bila kukwama, kiache. Zifuate kona nne za msingi, halafu vipande vinne vya tabaka la kati. Tabaka la juu ni la mwisho, usilikimbilie.

Kuna zoezi moja nataka mlifanye leo. Pandisha upande wa kulia robo mzunguko, zungusha tabaka la juu robo kufuata mwendo wa saa, shusha ule wa kulia, rudisha lile la juu. Rudia mpaka zitimie mara 6. Katikati mtaona kila kitu kimevurugika. Mara ya sita kila kipande kitakuwa pale kilipoanzia. Nawaambia hivi kwa sababu kona za mwisho hupindwa kwa mtindo huohuo. Unanyoosha moja, chini kunaharibika, moyo unadunda, unataka kuanza upya. Usianze upya! Endelea hadi kona ya mwisho na chini kutajirudisha.

Sasa kona yako. Hukukosea popote. Kwa kuzungusha tu, kona moja haiwezi kupinda peke yake: ikipinda moja kulia, lazima nyingine ipinde kushoto, au zipinde tatu upande mmoja. Ukibaki na moja tu, ujue mchemraba uliwahi kufunguliwa au kuanguka, ukarudishwa ovyo. Ukivirudisha vipande bila kuangalia, ni mara moja tu katika 12 unapata mchemraba unaoweza kupatanishwa.

Mimi nililia kwa ajili ya kona kama hiyo, hapohapo Mkuyuni, kwenye nyumba yetu ya juu ya mawe. Miezi miwili nilijiona mjinga. Kumbe binamu yangu aliuangusha mchemraba, akairudisha kona iliyochomoka, akanyamaza kwa woga. Laiti ningeuliza siku ya kwanza. Na wewe waulize wa nyumbani, kwa upole, bila kumtafuta mkosaji.

Halafu fanya hivi: zungusha tabaka la juu nusu ya robo, nyanyua kipande cha ukingoni kwa kidole gumba hadi kichomoke, toa kona, irudishe imekaa sawa. Ukihisi inagoma, usitumie nguvu. Wavuvi wa kwetu wavu ukisokotana hawauvuti, wanautandaza kwanza. Huko si kudanganya. Unarekebisha alichoharibu mwingine.

Ikishakaa, uvuruge wote uanze tena kwenye kile chembamba. Niandikie safari hii imekuchukua siku ngapi.