Tulipowafundisha Wamisionari Kiswahili

Ndugu msomaji, wewe uliyeanza kisomo ukiwa na wajukuu unaijua aibu ya mtu mzima darasani. Mkono uliozoea jembe unatetemeka ukishika kalamu. Leo tutakueleza habari za wanafunzi wengine waliokuwa na aibu hiyo hiyo. Wao walijua kusoma tangu utoto. Mmoja wao alikuwa daktari. Lakini walipofika kwetu hawakuweza hata kuomba maji ya kunywa.

Kabla ya kuingia katika elimu ya watu wazima, tulifundisha Kiswahili kwa familia za wamisionari katika kituo kimoja cha misheni. Chuoni tulisomea kufundisha watoto. Hakuna aliyetufundisha namna ya kumsahihisha mzee wa watu mwenye mvi.

Kazi ilianza saa mbili asubuhi. Baba alikuja kwanza, mama akabaki nyumbani na watoto wadogo. Saa nne tulikunywa chai, halafu wakabadilishana. Watoto wakubwa hawakuwapo. Walikuwa bweni huko Kijabe, Kenya, katika shule ya watoto wa wamisionari iliyoanzishwa mwaka 1906. Mama mmoja alijua neno "likizo" kabla hajajua neno "sufuria".

Wanafunzi hao walikuwa na maswali! "Mwalimu, kwa nini mnasema mtoto mzuri, lakini kiti kizuri, gari zuri, nyumba nzuri? Uzuri si ni ule ule?" Haya, jaribu kumjibu. Wewe unayasema maneno hayo kila siku wala hukosei, na hukufundishwa na mtu. Uliyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Mgeni lazima ayakariri moja moja, kama wewe ulivyokariri a, e, i, o, u.

Makosa hayakukosekana. Mama mmoja alituambia kwamba jana alipika kaka kwa wali. Alitaka kusema kuku. Mchungaji mmoja alisimama mbele ya watu akajitambulisha kuwa yeye ni mchumba wao. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye alicheka, ingawa hakujua wanacheka nini.

Mchana tuliwatuma kijijini. Kila mtu awasalimie watu kumi, anunue nyanya sokoni, arudi atueleze alichosikia. Watoto wao wadogo hawakuhitaji kutumwa. Walicheza na wenzao chini ya mwembe kutwa nzima, na baada ya miezi michache wakawa wakalimani wa wazazi wao.

Kazi hii si ngeni. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache tu baadaye mkewe na mtoto wao mchanga walifariki. Krapf aliendelea kujifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Mombasa, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa. Kitabu cha Edward Steere, aliyejifunza Unguja, kilitoka mwaka 1870. Nyuma ya vitabu hivyo kulikuwa na wenyeji waliokaa na mgeni, wakarudia neno mara ya saba bila kuchoka. Karibu na wakati wetu, mwaka 1963, mapadri wa Maryknoll walianzisha chuo cha lugha huko Makoko, Musoma. Huko pia, mwenyeji ndiye mwalimu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa muuguzi. Alikuwa na bidii, na mwisho wa masomo tulimpa alama nzuri. Katika somo la saa alikuwa bado anababaika, lakini tulilipita haraka. Tuliona haya kumrudisha nyuma mtu mwenye elimu kubwa kuliko sisi. Tukasema, ah, ataelewa mbele ya safari.

Siku moja kwenye zahanati alimwambia mama fulani, "Kesho mlete mtoto saa tisa nimwangalie tena." Mtoto alikuwa na homa. Yeye aliiona 9 kwenye saa yake akaitamka "saa tisa". Kwetu hiyo ni saa tatu asubuhi. Mama alitembea juani na mtoto mgongoni, akafika saa tisa alasiri kama alivyoambiwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Alilala kwa ndugu yake, na usiku mtoto akashikwa na degedege. Alfajiri walimgongea muuguzi nyumbani kwake. Mtoto alipona.

Muuguzi alikuja kwetu analia. Tulienda naye kijijini kuuliza. Kumbe si mara ya kwanza! Watu wengi walikwisha kukosa kuonana naye kwa sababu ya saa. Tukauliza, mbona hamkumwambia? Bibi mmoja akajibu, "Mwalimu, tutamsahihishaje mganga? Kila akifungua kinywa tunamwambia anajua Kiswahili vizuri, asije akakasirika."

Nasi tulinyamaza, maana tulifanya vile vile darasani. Heshima ile nusura imuue mtoto wa watu.

Tulianza somo la saa upya, na safari hii tulimfundisha mbele ya akina mama zahanatini. Tulichora saa kubwa ubaoni. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Saa moja ya kwanza ikipita tunasema saa moja asubuhi. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane na tena adhuhuri. Kwa hiyo tofauti ni saa sita. Ukiona kwenye kadi au tiketi imeandikwa 9.00 asubuhi, toa 6, inabaki 3: ni saa tatu. Ikiwa namba ni ndogo kama 2.00 mchana, ongeza 6, unapata saa nane.

Muuguzi akawaomba wamsahihishe kila akikosea. Mwanzoni walitazamana tu. Halafu yule mama wa mtoto, ambaye alikuwa mwanakisomo, alisimama akachukua chaki na kuandika 9 = 3. Muuguzi alisoma kwa sauti: "Saa tatu." Mama akamjibu, "Asubuhi. Sema na asubuhi."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kadi ya kliniki imeandikwa 10.00 asubuhi. Utafika saa ngapi?
2. Tiketi ya basi imeandikwa 1.00 mchana. Basi litaondoka saa ngapi?
3. Andika neno "-zuri" pamoja na maneno haya: mti, kisu, jembe, nguo.
4. Umewahi kuona mkubwa akikosea, nawe ukanyamaza? Waeleze wenzako ilikuwaje.